Posa Iliyoishia Mlali

Jumamosi ile Jumba la Mgiriki halikuwa na adabu hata kidogo. Bustanini, kamati ya harusi iliyokodi ukumbi ilikuwa inagombana na wapishi. Kwenye ngazi za mbele kulikuwa na harusi nyingine, ambayo haikukodi kitu, imekuja kupiga picha tu na kuondoka. Ghorofani, kwenye vyumba vya makumbusho, mwalimu mmoja alikuwa anawapitisha wanafunzi wa shule ya msingi wakaone meza aliyokuwa akilia chakula bwana mwenye mashamba ya mkonge enzi za Mwingereza. Na katikati ya yote hayo, akipanda na kushuka, alikuwepo Cecilia.

Tumtazame kidogo, maana mwenyewe hakuwa na nafasi ya kujitazama. Thelathini alikwishaivuka. Mrefu, maji ya kunde, nywele kasuka twende kilioni kwa kukosa muda wa mtindo mwingine. Blauzi nyeupe ya kazi, sketi ya bluu, na viatu vya kisigino alivyovivaa kwa heshima ya wageni huku akivilaani moyoni. Asubuhi alikuwa mwongoza wageni wa makumbusho, jioni msimamizi wa ukumbi. Zamani hizo zilikuwa kazi mbili za watu wawili. Serikali ilipoacha kutoa ruzuku, jumba liliambiwa lijilishe lenyewe, na kwa kuwa hakuna mtu anayelipa vizuri kuangalia vyombo vya Mgiriki aliyekufa, likaanza kula harusi. Yule wa pili alipunguzwa kazi. Cecilia akabaki na zote mbili, mshahara ule ule.

Alikuwa ameshika ngazi ya ghorofani muziki ulipokatika ghafla. Feni zikasimama. Kule bustanini watu wakaguna, na wanafunzi juu wakashangilia kama ilivyo kawaida ya watoto umeme ukikatika. Cecilia hakuuliza mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha kulia cha makumbusho, akamkuta kijana mmoja wa rika lake ameshika waya, kamera ya video begani, taa kubwa imesimama mbele yake, imezimika.

"Wewe ndiye umechomeka hiyo taa hapo?"

"Ni mimi, dada. Kule bustanini sikuona soketi."

"Hapo ukutani pameandikwa nini?"

Kijana akasogea akasoma. "Usichomeke kitu chochote."

"Kumbe kusoma unajua."

"Najua. Nikadhani wameandikiwa watoto."

Cecilia alitaka kucheka, akajizuia, maana bwana harusi wa watu yuko gizani ukumbini. "Nyumba hii ilitiwa waya na mtu mwenye taa tatu na gramafoni. Hilo jua lako litatuunguza."

"Samahani. Nionyeshe fyuzi ziko wapi, nirudishe. Nilikuwa fundi kiwandani."

"Kiwanda gani?"

"Kile kilichofungwa."

"Vimefungwa vingi, kaka."

"Basi chagua chochote, tutaelewana."

Hapo akacheka. Alicheka kwa uchovu, bega kaegemeza ukutani, na Eric, ndilo jina la kijana huyo, akasimama na waya wake mkononi akimtazama. Nguo zake zilikuwa safi lakini za zamani: suruali ya kitambaa cha kijivu, shati la mikono mifupi, soli ya kiatu imeshonwa mara nyingi. Alikuwa Mpare wa Kilomeni, Mkatoliki, aliyekuja Morogoro kwa ajili ya kiwanda cha nguo na kubaki baada ya kiwanda kuondoka. Kwa kiinua mgongo chake alinunua kamera. Tangu hapo alikuwa anapiga video harusi za watu, sendofu za watu na ubarikio wa watoto wa watu.

Fyuzi alirudisha. Saa kumi na mbili jioni, wageni walipoanza kupungua, Cecilia alimkuta ameketi kwenye ngazi za jikoni anakula pilau lililobaki. Akavua viatu, akaketi naye.

"Unapenda harusi wewe?" akamuuliza.

"Nikisikia vigelegele, mgongo unaniuma," akajibu Eric. "Na wewe?"

"Mimi ni miguu."

"Basi tukiungana tunatosha mgonjwa mmoja."

"Ungana na pilau lako, tafadhali."

Ndivyo yalivyoanza. Hakuna aliyezimia wala kuota ndoto. Walikuwa watu wawili waliochoka, kila mmoja akaona kwa mwenzake mahali pa kupumzikia.

Siku za katikati ya wiki Eric alikuwa anapiga simu kutoka kibanda cha posta. Simu ya makumbusho ilikaa mezani pa Cecilia, nzito, nyeusi, na ilikuwa inalia mara chache mpaka Eric alipotokea.

"Makumbusho, habari za asubuhi."

"Nzuri, mama. Naulizia kiingilio."

"Watu wazima au watoto?"

"Mtu mzima mmoja. Hajalala."

"Eric, hii simu ya ofisi."

"Ndiyo maana nauliza mambo ya ofisi. Kuna chumba chochote hapo kinachopokea mtu jumla, akae moja kwa moja?"

"Vyumba vya hapa ni vya vitu vya kale."

"Basi nafaa. Nimeshakuwa chakavu."

"Kata simu, laazizi, kadi yako inaisha," Cecilia alikuwa akisema, na mwenyewe hakati mpaka asikie mlio wa upande wa pili.

Rafiki yake Riziki, mama lishe aliyekuwa anapika kwenye sherehe nyingi za pale, aligundua kabla ya wote. "Siku hizi unaimba ukipiga deki," akamwambia. "Ama umepandishwa cheo, ama kuna mtu." Cecilia akamwambia hakuna cheo.

Baada ya mwaka mmoja na zaidi walianza kusema yale ambayo wengine husema mwezi wa kwanza. Walikuwa wamekaa verandani, mawingu yameshuka Uluguru mpaka karibu na vigae, jumba limetulia kwa kuwa ni Kwaresima na Wakristo hawaoani. Cecilia alimweleza juu ya mjomba wake, Alois, mkulima wa kabichi kule Nyandira, Mgeta, kwao Uluguruni. Mjomba huyo, kaka wa mama yake, ndiye aliyemlea. Ndiye aliyemsomesha, kabichi kwa kabichi, mpaka akamaliza kidato cha sita. Mama yake alipofariki, ni mjomba aliyesimama kaburini akasema mtoto huyu ni wetu.

"Mjomba ndiye kila kitu kwangu," akasema. "Nikiolewa bila baraka yake, Eric, nitakuwa mtu asiye na kwao. Kila kitu kingine ninaweza kukikosa. Hicho siwezi."

"Nimekuelewa, mpenzi," akasema Eric, na kwa kweli alidhani ameelewa. Kwao Upareni mjomba ni mtu mkubwa. Mahari haikamiliki bila mbuzi wa mjomba. Kwa hiyo alipokuwa anaitikia kwa kichwa verandani pale, alikuwa anamfikiria mbuzi, tena mnono.

"Na baba?"

"Baba yupo Mlali. Aliachana na mama nikiwa mdogo."

"Pole. Basi baada ya Pasaka wazee wangu watakuja. Jumapili ile ya mwisho wa mwezi."

"Nitawaambia nyumbani wajiandae."

Eric hakuuliza nyumbani wapi. Cecilia hakutaja. Kila mmoja aliona jambo liko wazi, na hapo ndipo wenye akili huvunjikia miguu. Mluguru hawezi kuwaza kwamba kuna binadamu asiyejua kuwa mtoto ni wa ukoo wa mama na mwenye kauli ni mjomba. Mpare naye hawezi kuwaza kwamba kuna posa duniani inayompita baba mzazi aliye hai. Utasema, huyu bwana amekaa Morogoro miaka yote hiyo, harusi za Waluguru amezipiga video mpaka kamera imechoka, alishindwaje kujua? Jibu ni jepesi. Kamera huitwa kuanzia sendofu. Posa haipigwi video.

Jumapili ilipofika, Nyandira waliamka na umande. Akina mama wa ukoo walichinja jogoo, wakapika viazi, wakapika njegere, togwa ikawekwa tayari. Mjomba Alois alivaa koti lake la kanisani na kuketi mlangoni tangu misa ya kwanza ilipotoka. Cecilia alikuwa ndani na mama zake wadogo, amefunga khanga mpya, anajitazama kwenye kioo kila mara kama msichana wa miaka kumi na saba. Kila gari lililokwea mlima walinyamaza walisikilize. Yalikuwa malori ya kabichi yakienda na kurudi. Jua likapanda, likashuka. Chakula kikapoa kikafunikwa, kikafunuliwa kikapashwa, kikapoa tena. Jioni mjomba alivua koti, akalitundika, akasema watoto wapewe wale.

Na wakati huo huo, chini kule Mlali, kwenye barabara ile ile inayokwea Nyandira, msafara wa Eric ulikuwa unakula kuku wa kuchemsha kwa vicheko. Alikuwepo baba yake mdogo, aliyesafiri kutoka Kilomeni, na alikuwepo mshenga, Mzee Mwinjuma, jirani yake Eric wa Mji Mpya, mtu wa maneno matamu anayejua kuomba hata kilichofungwa. Walipokelewa na Mzee Fransisko, baba yake Cecilia, mkulima wa nyanya, mtu mwembamba, mpole, asiyeinua macho sana. Mzee Mwinjuma alizungumza vizuri. Mzee Fransisko aliwasikiliza mpaka mwisho, akatazama barabara ya mlimani, akasema amepokea. Walirudi mjini wanaimba.

Jumatatu asubuhi Eric alikuwa wa kwanza kwenye kibanda cha simu.

"Halo, mke wangu."

Kwa mbali akasikia kiti kikivutwa.

"Cecilia? Posa imepokelewa. Mzee amefurahi, karibu alie."

"Mzee gani?"

"Baba yako."

Kisha sauti ya Cecilia ikaja ya chini, haina hasira, na hiyo ilimtisha zaidi. "Mlikwenda Mlali."

"Ungetaka twende wapi?"

"Eric, mjomba aliketi mlangoni tangu asubuhi mpaka jioni. Ukoo mzima ulikuwa pale. Walipika. Mimi nilikuwa ndani nawasikia wakiacha kuongea."

"Lakini baba yako yupo hai, mpenzi. Nitamrukaje baba?"

"Nilikwambia mjomba ndiye kila kitu. Nilikwambia hapa hapa verandani."

"Nikadhani unasema kwa upendo."

"Nilikuwa nasema kwa sheria yetu. Jana usiku walipata habari kwamba mmenichumbia Mlali. Unajua mjomba alisema nini? Alisema, kumbe tulilea mtoto wa watu. Basi. Akaenda kulala."

"Nitapanda nimwombe radhi. Nitakuja na wazee."

"Njoo nao," akasema Cecilia, na simu ikakatika; ama aliikata, ama kadi ilikwisha.

Wazee hawakuja. Baba mdogo alisikiliza habari hiyo akiwa tayari ameshika begi lake la safari. "Tumekwenda kwa baba, baba amekubali, tumekula," akasema. "Leo niende tena milimani nikapige magoti kwa kaka wa marehemu? Ukoo wetu haujawahi kuposa msichana mmoja mara mbili. Ukipanda huko, panda peke yako, na usiseme nimekutuma." Mzee Mwinjuma naye alisema kazi yake ameimaliza salama, asiharibiwe jina. Na kwenda kuposa bila mkubwa wa kukusemea ni kosa jingine kubwa kuliko la kwanza. Mchumba hafungui mdomo wake mwenyewe mbele ya wakwe. Atakayemsikiliza ni nani?

Eric angeweza kuhangaika zaidi. Tusimtetee. Lakini alikuwa mtu aliyezoea kufika mlangoni na kuambiwa siyo hapa. Kiwanda kilipofungwa alizungushwa ofisi hii mpaka ile akifuatilia haki zake, kila anapofika aambiwe mhusika hayupo. Kitu fulani ndani yake kilikwishachoka kugonga. Akaanza kukataa harusi zinazofanyika Jumba la Mgiriki, akazipeleka kwa mpiga video mwingine, yeye akachukua za kumbi za Kihonda na Mafiga. Simu nyeusi mezani pa Cecilia ikarudia ukimya wake.

Cecilia hakulia mbele ya watu. Aliendelea kupanda na kushuka. "Meza hii ni ya mninga," aliwaambia wageni, "iliagizwa na mwenye jumba mwaka aliomleta mkewe." Akafungua ukumbi, akafunga ukumbi. Akawafunga maharusi vishikizo vya nyuma pale matroni walipochelewa. Kila Jumamosi alimtafuta kwa macho mtu mwenye kamera, na kila Jumamosi alikuwa mtu mwingine. Alimpenda yule Mpare, alimpenda sana, na alimkasirikia sana, na vyote viwili vilikuwa vinamchosha sawasawa.

"Mwandikie basi," Riziki akamwambia siku moja, wakimenya vitunguu.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba umekonda."

"Riziki, nikimfuata mimi, mjomba nimemzika. Na nikimsahau, nimejizika mwenyewe. Acha nimenye vitunguu."

Riziki aliacha. Lakini Riziki ni mtu wa mjini. Mvua za vuli zilipoanza, Cecilia akamwambia kwamba mjomba anashuka Jumamosi na lori la kabichi, na kwamba amesema anataka kuona nyumba anayofanyia kazi mwanawe, Riziki hakuchelewa. Alimfuata Eric Mji Mpya, akamkuta anarudisha nyuma mkanda wa harusi fulani, akampa habari hiyo bila kuketi.

"Anashuka mwenyewe, hutalazimika kupanda," akasema. "Sasa shauri lako. Sisi tumechoka kumwangalia yule dada."

Eric hakujua aanzie wapi, kwa hiyo alianzia kwenye kosa. Kesho yake alikwenda Mlali. Alimkuta Mzee Fransisko shambani, amepiga goti kwenye tuta, anafunga miche ya nyanya kwenye vijiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kukuomba radhi. Tulikusumbua. Tulikosea mlango."

Mzee aliendelea kufunga mche mmoja, akaukaza, akaketi juu ya tuta. "Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba mmekosea. Nilijua toka mlipopiga hodi. Mahali penu palikuwa juu kule kwa Alois."

"Sasa mzee, kwa nini hukutuambia?"

Mzee Fransisko alifuta mikono kwenye suruali. Haikuwa rahisi kwake kusema, ilionekana. "Kwetu mwanamume unakwenda kwa mke. Unalima ardhi yao, unazaa watoto wao. Siku mambo yakiharibika unabeba jembe lako unaondoka. Silalamiki, ndivyo tulivyoikuta dunia. Sikumlea yule binti, wamemlea wao, na wamemlea vizuri. Lakini siku ile mmekuja mmevaa makoti, yule mzee akaniita baba wa binti, akaniuliza unasemaje. Katika maisha yangu hakuna aliyepata kuniuliza hilo. Nikasema moyoni, acha niulizwe, mara moja tu. Sikuwaza kwamba kule juu wamepika."

Eric alitaka kukasirika. Alijaribu kabisa, akakosa nguvu. Akaketi juu ya tuta naye, suruali yake ya kijivu ikashika tope.

"Jumamosi Mzee Alois atakuwa mjini, kwenye jumba," akasema. "Sina wa kunisemea. Wangu wamekataa."

Mzee Fransisko alifikiri, mvua nyepesi ikaanza kuwadondokea wote wawili. "Kwa Alois kule juu siwezi kukanyaga tena," akasema. "Lakini mjini ni kwa watu wote. Nitakusemea mimi."

Jumamosi Mjomba Alois alifika Jumba la Mgiriki saa nane mchana, viatu vya mpira vimeoshwa, koti la kanisani, kofia mkononi. Bustanini kulikuwa na harusi, bila shaka, na mshereheshaji alikuwa anawaomba wageni wapunge vitambaa. Mzee alisimama chini ya ngazi za mbele.

"Tupite mlango gani?"

"Huu huu, mjomba."

"Nikiwa kijana nilikuwa naleta mboga hapa. Tulipita kule nyuma. Huu niliuona kwa mbali."

"Leo pita hapa," akasema Cecilia, akamshika kiwiko.

Alimpitisha taratibu. Alimwonyesha chumba cha kulala chenye chandarua cha hariri, bafu la marumaru, picha za vibarua wa mkonge wamejipanga mbele ya mashine, wote wanamtazama mpiga picha bila kucheka. Mzee aliitazama picha ile kwa muda mrefu, akitafuta nyuso, hakusema kama ameupata uso alioutafuta. Walipofika chumba cha kulia alikuwa anahema. Viti vyote vilikuwa na kamba. Cecilia, ambaye kila wiki huwafokea watoto wa shule kwa kuvigusa, alifungua kamba moja, akavuta kiti cha mwenye nyumba kilichokuwa kichwani mwa meza.

"Kaa, mjomba."

"Hairuhusiwi, naona pameandikwa."

"Mimi ndiye mwenye kuruhusu."

Akakaa. Na akiwa amekaa hivyo, mikono juu ya meza ya mninga, mlango ulifunguliwa, wakaingia Mzee Fransisko na Eric. Eric hakuwa na kamera. Alivaa suti ya kuazima, mikono imemzidi, na alikuwa amekonda kuliko Cecilia. Macho yao yalikutana, Cecilia akashika mgongo wa kiti cha mjomba wake kwa nguvu. Moyo wake ulimwambia akimbie kwa Eric, miguu ikabaki pale pale.

"Hodi hapa," akasema Mzee Fransisko.

Mjomba Alois alimtazama. Walikuwa hawajaonana tangu msiba wa mama yake Cecilia. "Karibu, Fransisko. Umekuja kama nani?"

"Kama mshenga."

"Mshenga wa nani?"

"Wa kijana huyu. Ametoka Upareni, hajui njia zetu. Alikosea mlango na mwenye mlango ule hakumwelekeza. Kosa la pili ni kubwa kuliko la kwanza, na ni langu." Akapiga goti, taratibu, mkono kwenye sakafu ya mbao, mzee mwenye mvi mbele ya shemeji yake. "Amenituma kuomba binti wa ukoo wako."

Hakusema binti yangu. Cecilia alilisikia hilo, na likamwuma kwa namna ambayo hakuwa ameitegemea, maana miaka yote hakuwahi kumwonea huruma baba yake. Bustanini watu walikuwa wanacheza.

Mjomba Alois aliigeuzageuza kofia yake mezani mpaka Eric akaanza kujiambia kwamba na hapa pia siyo mlango wake. Kisha mzee akasema, "Siku ile wanawake walipika, chakula kikalala. Sijasahau."

"Ni haki yako," akasema Mzee Fransisko.

"Mtakuja Nyandira. Jumapili ya wiki ijayo, baada ya misa. Mtakula mpaka muombe maji. Wewe pia, Fransisko. Miaka yote hii hukanyagi kwangu, nani alikukataza? Uliachana na dada yangu, hukuachana na mlima." Akamgeukia mpwa wake, akainua uso kumtazama. "Na wewe unasemaje, mama?"

Cecilia alikuwa amejiandalia maneno mengi miezi yote ile, ya hasira na ya mapenzi, ameyasema peke yake akipanda ngazi na kushuka ngazi. Hayakuja.

"Mimi nimechoka, mjomba," akasema. "Lakini huyu namtaka."

"Haya." Mjomba Alois akanyoosha mkono juu ya meza, akamwonyesha Mzee Fransisko kiti cha upande wa pili, ainuke sakafuni aketi. Alingoja mpaka ameketi vizuri. Ndipo akauliza, kwa sauti ya rasmi, ile wanayoitumia wakubwa wakiwa mbele ya wageni:

"Na baba yake anasemaje?"

Mzee Fransisko aligeuka nyuma, akidhani kuna mtu mwingine ameingia. Hakukuwa na mtu. Akatazama mikono yake yenye rangi ya majani ya nyanya, halafu akamtazama binti yake, na Cecilia akamwashiria kwa kichwa, polepole, kwamba ndiyo, ni wewe unayeulizwa.

"Baba yake," akasema Mzee Fransisko, akanyoosha mgongo kitini. "Baba yake amekubali."

Eric akaketi kwenye kiti cha kwanza alichokiona, kamba na yote. Cecilia alimfuata, akavua viatu, akaketi karibu naye, akaweka kichwa begani mwake mbele ya wazee wake wote wawili. Wazee wakatazama dirishani kama inavyostahili. Kutoka bustanini mshereheshaji alikuwa anaita kwenye kipaza sauti, anamtafuta msimamizi wa ukumbi, kisu cha kukatia keki hakionekani.

"Wanakuita," akanong'ona Eric.

"Nasikia," akasema Cecilia, akafumba macho. "Watakitafuta wenyewe."